Nani Anasema? Nafsineni wa Shairi na Msemaji wa Tamthilia Darasani

Katika Karatasi ya Tatu ya Kiswahili (102/3), ushairi una sehemu yake na tamthilia ina sehemu yake. Utaratibu huo wa mtihani umeingia hadi darasani, kiasi kwamba tanzu hizi mbili hufundishwa kana kwamba hazina uhusiano wowote. Shairi hupewa mwanafunzi ahesabu mizani. Tamthilia hupewa asimulie kisa. Makala haya yanashikilia kuwa kinachomkwaza mtahiniwa katika tanzu zote mbili ni swali moja tu asilojiuliza: nani anasema, na anamwambia nani?

Hebu tutazame ubeti huu, niliotunga kwa ajili ya zoezi la Kidato cha Tatu:

Mpangaji nakupenda, nakuhurumia sana,
Kodi yangu ikipanda, usidhani ni hiyana,
Paa nalo likipinda, hewa safi utaona,
Nyumba hii nailinda, kwa ajili yako mwana.

Mwanafunzi aliyefunzwa vyema kwa njia ya kawaida hana shida hapa. Ataandika kuwa ubeti una mishororo minne, kwa hivyo ni tarbia. Kila mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao. Kila kipande kina mizani minane. Vina vya ndani ni nda na vya nje ni na. Akiwa makini atakumbuka kwamba M ya 'mpangaji' ni silabi kamili na huhesabiwa, ilhali mwa ya 'mwana' ni silabi moja tu. (Wapo wanaokimbilia kusema kuwa bahari ni mtiririko. Ubeti mmoja hauwezi kutuambia hilo. Huenda ubeti wa pili ukabadilisha vina, na hapo lingekuwa ukaraguni.) Yote haya ni sahihi, na yote yana alama.

Sasa muulize mwanafunzi huyo huyo shairi linahusu nini. Majibu huwa ya aina mbili. Kundi moja huandika kuwa mshairi anawapenda wapangaji na anawatunza. Jingine huandika kuwa mshairi analalamikia kodi ya nyumba kupanda. La kwanza limemwamini msemaji kwa kila neno. La pili limehisi kuwa kuna dhuluma, lakini halikuuliza kinywa kinachosema ni cha nani, likampa mpangaji maneno ambayo hakuyatamka. Hakuna kati ya makundi hayo lililosema kuwa nafsineni ni mwenye nyumba, kwamba nafsinenewa ni mpangaji, na kwamba paa lililopinda hadi hewa ikapenya si zawadi hata kidogo. Kejeli yote imepita juu ya vichwa vyao, na ubeti ulikuwa na kejeli peke yake.

Dawa yake haipo katika kuongeza orodha ya istilahi. Weka wanafunzi wawili mbele ya darasa. Mmoja asome ubeti kama mwenye nyumba aliyekuja kubisha mlango tarehe mosi. Mwingine asimame kimya akisikiliza, kama mpangaji. Yule wa kwanza atalazimika kuamua 'nakuhurumia sana' atalitamka vipi. Yule wa pili, bila neno lolote, atainua macho darini mshororo wa tatu unaposomwa. Darasa litacheka, na kicheko hicho ndicho uhakiki ulioanza. Baada ya hapo neno 'toni' halihitaji fasili ndefu ubaoni, kwa maana wameshaisikia.

Kulifanya shairi kuwa mazungumzo hivi si mtindo wa kigeni tunaoulazimisha. Ushairi wa pwani yetu ulizaliwa katika hali ya mtu kumwambia mtu. Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu wakati miji hiyo ilipokuwa katika uhasama, na shairi la upande mmoja halieleweki barabara bila kumjua anayejibiwa. Mwana Kupona alitunga utendi wake mwaka wa 1858 akimwusia binti yake. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anausemesha moyo wake kuhusu fahari ya Pate iliyoanguka. Hapo msemaji na msemewa wamo ndani ya mtu mmoja, jambo ambalo mwandishi wa tamthilia angelifanya kuwa uzungumzi nafsi.

Mwana Kupona anatuletea pia tatizo ambalo miongozo mingi hulikwepa. Tunawaambia wanafunzi kila siku kuwa nafsineni si mshairi. Kanuni hiyo ni nzuri, lakini si amri. Katika utendi ule anayesema ni mama mwenyewe, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, na washairi wengi wa kimapokeo walizoea kujitaja kwa jina katika beti za tamati. Mwanafunzi akikariri tu kuwa 'nafsineni si mshairi' atakosea hapo sawasawa na yule aliyekariri kuwa 'nafsineni ni mshairi'. Afunzwe kutafuta ushahidi ndani ya shairi lenyewe: viwakilishi, vitenzi vya nafsi ya kwanza na ya pili, majina ya wito, kazi na hali ya anayesema. Swali la mtihani hudai athibitishe, na uthibitisho hupatikana humo.

Tukija kwenye tamthilia, hali ni ya kushangaza. Hapa mwanafunzi analijua swali la nani anasema. Analijua kupita kiasi! Akipewa dondoo na kuambiwa aeleze muktadha, ataandika msemaji, msemewa, mahali na sababu, achukue alama zake nne, kisha asahau yote. Sehemu inayofuata ya swali hilo hilo inapomtaka aeleze maudhui, wahusika wote huyeyuka na kuwa mtu mmoja anayeitwa 'mwandishi'.

Chukua Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Bunju anashikilia kuwa mama mkwe hafai kulala nyumbani kwake, hata kama Sara ameletwa mjini kutafuta matibabu. Mwanafunzi huandika: 'Mwandishi anasema mila lazima ifuatwe.' Arege hakusema hivyo. Bunju ndiye aliyesema, akimwambia Neema, ambaye ni mke wake na pia ni binti wa mgonjwa. Mwandishi yuko katika namna alivyowakutanisha watu hao: mgonjwa, mila, mume mwenye nyumba, na mtoto aliyekatika katikati. Maneno ya Bunju ni upande mmoja wa mzani. Ndivyo ilivyokuwa pia Kigogo ya Pauline Kea ilipotahiniwa. Majoka hujiona kiongozi wa maendeleo huku Soko la Chapakazi likiwa limefungwa na wachuuzi kama Ashua wamekosa pa kuuzia. Anayeyaamini maneno ya Majoka kuhusu Sagamoyo ni ndugu wa yule aliyemwamini mwenye nyumba wetu.

Kwa hivyo fomula ya muktadha ihamishiwe kwenye ushairi, na nidhamu ya ushairi ihamishiwe kwenye tamthilia. Nasema nidhamu kwa sababu mwanafunzi anaposoma shairi hulitazama neno moja moja. Anajua kuwa mtunzi hakuliweka bure. Anaposoma tamthilia, huruka. Maelekezo ya jukwaani, yale yaliyochapishwa kwa hati za mlazo au katika mabano, wengi hawayasomi kabisa. Ilhali ndimo mwandishi anamosema kwa sauti iliyo karibu zaidi na yake: mhusika anakaa wapi, amevaa nini, anacheka lini, ananyamaza lini. Katika Mstahiki Meya ya Arege, zahanati isiyo na dawa na makao ya Meya Sosi ni mandhari mawili yanayohukumiana kabla mtu hajafungua kinywa. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza kwa nini mshairi alichagua neno 'hiyana' badala ya 'uchoyo' hana budi kuuliza pia kwa nini onyesho limeanzia zahanati.

Hoja hii inaweza kumsaidia hata mwalimu wa Kiingereza wa jirani. Katika karatasi yao ya kwanza (101/1) ipo sehemu ya stadi za kuzungumza, na mara kwa mara mtahiniwa huulizwa jinsi atakavyousoma mshororo fulani kwa sauti. Watoto wetu hufanya zoezi hilo saa nne, kisha saa tano huingia katika kipindi cha Kiswahili na kulitazama shairi kimya kama hesabu ya aljebra. Hawajui kuwa nafsineni tunayemtaja sisi ndiye yule yule waliyemjadili kwa jina jingine saa moja iliyopita. Wala hatuwaambii. Mwalimu Nyerere alipomtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, alitupa tamthilia zilizo katika ushairi, na Ebrahim Hussein aliandika tamthilia yenye pumzi za shairi. Kifungu kimoja kutoka kwa yeyote kati yao kingetosha kuonyesha kuwa ukuta tuliojenga kati ya tanzu hizi ni wa karatasi ya mtihani tu.

Najua pingamizi la kwanza: muda hautoshi. Kipindi ni dakika 40, vitabu teule ni vitatu, na fasihi simulizi inangoja. Lakini zoezi la mwenye nyumba linamalizika kwa kipindi kimoja, na halihitaji hata nakala. Ubeti unaandikwa ubaoni. Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Walimu wengine husema mtihani hutunuku orodha, na anayejua bahari zote hapotezi. Ni kweli kuwa alama za muundo ni rahisi kuvuna. Ila ni chache, na zikiisha mtahiniwa hukutana na lile swali la kuandika ubeti kwa lugha ya nathari.

Hapo ndipo kila kitu hujitokeza. Wengi huchukua maneno ya ubeti, huyapanga upya kisarufi na kuamini wamemaliza: 'Mshairi anasema anampenda mpangaji, anamhurumia sana, kodi ikipanda asidhani ni hiyana.' Mishororo imepangwa upya, lakini hakuna kilichoelezwa. Aliyemsikia mwenye nyumba akisema ataandika tofauti: 'Mwenye nyumba anadai kuwa anampenda na kumhurumia mpangaji wake. Anajitetea kuwa hapandishi kodi kwa nia mbaya. Hata ubovu wa paa anaugeuza kuwa manufaa kwa mpangaji, na anajifanya kuwa nyumba anaitunza kwa ajili ya mpangaji huyo.' Vitenzi vyake ni anadai, anajitetea, anageuza, anajifanya. Unaposahihisha madaftari ya wanafunzi wako muhula huu, pigia mstari kila 'anasema' utakayoikuta katika jibu la nathari, kisha mrudishie mwenye daftari atafute kitenzi kingine kinachomfaa msemaji huyo.