Tahadhari Mlangoni mwa Riwaya

Radclyffe Hall alipotoa The Well of Loneliness mwaka 1928, riwaya ya Kiingereza juu ya mwanamke anayependa wanawake, kitabu kilitangulizwa na maneno machache ya Havelock Ellis, bingwa wa elimu ya jinsia. Yalikuwa mfano wa cheti cha daktari cha kumvusha abiria karantini. Hayakufaa kitu. Mhariri wa Sunday Express alikwishaandika kwamba afadhali kijana apewe sumu kuliko kitabu hicho, na Novemba mahakama ya London ikaamuru nakala ziharibiwe. Humo hamna tendo la faragha lililoelezwa waziwazi. Kilichohukumiwa ni penzi lenyewe.

Kwa hiyo tahadhari zinazowekwa siku hizi mwanzoni mwa riwaya za kihistoria juu ya mapenzi ya wanawake wao kwa wao si jambo dogo. Inayotaja ubakaji au kipigo humstahi msomaji aliyewahi kupatwa na hayo. Inayoliweka penzi la wanawake wawili katika orodha hiyohiyo hurudia hukumu ya 1928, ila kwa sauti ya upole.

Fingersmith ya Sarah Waters, iliyotoka mwaka 2002, inatia fundo jingine. Sue Trinder, aliyelelewa na wezi wa London, anatumwa amsaidie tapeli kumwoa Maud Lilly, binti mwenye urithi, kisha kumfungia katika nyumba ya wendawazimu. Sue anampenda Maud, na bado anaendelea na njama. Sehemu ya kwanza inapokwisha, anayefungiwa siye aliyetarajiwa. Tahadhari ikitaja nyumba ile tu, mtego umesalimika. Ikizidisha neno moja, riwaya imechinjwa. Afadhali iwekwe ukurasa wa mwisho, aitakaye aifuate.

Maud naye tangu utotoni analazimishwa na mjomba wake kuwasomea mabwana vitabu vya ufuska. Orodha ya vitabu anayoitunga mjomba imefinyangwa kutokana na ile ya kweli ya Henry Spencer Ashbee, mkusanyaji wa karne ya 19. Ukatili huu hauna damu wala jeraha, na ndio mzito kuliko yote kitabuni. Mtunga tahadhari aliyezoea kuhesabu vipigo ataupita bila kuuona. Mwishoni Maud anaishi kwa kuandika mwenyewe vitabu vya aina ileile, akimwaga humo hamu yake kwa Sue. Vitabu hivyo vya Maud vingeandikiwa tahadhari gani, ikiwa msamiati ni uleule uliomdhalilisha, na sasa ni mali yake?