Ada ya Elimu na Sitara ya Kalamu

Katika lugha yetu hapana uhaba wa sifa za elimu. Elimu imeitwa taa, imeitwa bahari, imeitwa mali isiyoibiwa. Washairi wamezirudia sifa hizo katika mawaidha yao tangu zamani, na kila mtoto aliyepata kukaa darasani amezisikia. Lakini taa hununuliwa mafuta, na bahari huvukwa kwa nauli. Juu ya gharama hii kalamu za Kiswahili zimenyamaza mno. Katika insha hii nataka kuuliza ni kwa sababu gani zimenyamaza, ni nini tulichokosa kwa ukimya huo, na ni maandishi ya namna gani yawezayo kuuvunja.

Tuanze na mkubwa wa nathari yetu. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 katika nchi ya Tanga. Alisoma Dar es Salaam tangu mwaka 1922 mpaka 1926, akatoka wa pili katika wanafunzi 11 waliopata hati ya kumaliza shule. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha miaka michache tu nyuma, na mtaa wa Waafrika ulio magharibi ya uwanja wa Mnazi Mmoja ulikuwa umepata jina la Kariakoo, jina lililotokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Kiingereza. Mtoto wa miaka 13 aliyetoka Tanga alilala kwa nani katika mji ule? Nani alimlisha na nani alimvika? Na ulipofika mwaka 1926, ni nini kilichomwelekeza katika ukarani wa forodha badala ya kuendelea na masomo? Msomaji anayekifungua kitabu cha Maisha Yangu, kilichotoka mwaka 1949, akitafuta majibu ya maswali haya kwa kirefu, hukifunga mikono mitupu.

Sikilaumu kitabu kwa kuwa si kitabu kingine. Ndani yake mna msiba wa kufiwa na mke. Mna Utenzi wa Hati, ambao baba alimtungia binti yake, na Utenzi wa Adili, ambao alimtungia mwanawe wa kiume. Kwa maoni yangu tenzi hizo mbili ni jibu lake, ingawa si la wazi, kwa jambo hili hili tunalolizungumza: karani asiye na mali huwaachia watoto wake elimu isiyodai ada. Hata hivyo ni dhahiri kwamba mwandishi amechagua ya kusemwa kwa kipimo cha manufaa. Maisha yamefanywa somo, na katika somo njaa ya mwanafunzi hupewa nafasi pale tu inapofundisha subira.

Sasa linganisha wasifu huo na barua alizompelekea nduguye, Yusuf Ulenge, tangu mwaka 1931 mpaka 1958, zilizopigwa chapa mwaka 2002. Humo mna habari za nyumba, za watoto, za kazi na za vitabu. Mtu ni yule yule, ila mavazi ni mengine: katika wasifu amevaa joho, katika barua amejifunga shuka ya nyumbani. Barua hazikukusudiwa umma. Kwa hiyo hazikulazimika kupendeza. Aibu ya maiti, husema wahenga, aijuaye ni mwosha. Ndugu alikuwa mwosha. Msomaji wa kitabu alikuwa mgeni barazani.

Hapo ndipo ilipo sababu ya kwanza ya ukimya wetu, nayo ni adabu ya sitara. Mtu muungwana hatangazi kwamba jana hakupika. Adabu hii si ovu. Imewahifadhi maskini wengi wasidharauliwe, na imewafundisha matajiri kutoa kwa siri. Lakini kila sitara ina gharama yake. Vijana wanaosoma leo hukuta nyuma yao safu ya wasomi waliofika tu, wala hawaoni nyayo za waliokwama njiani. Basi anayekwama hudhani kwamba yeye ni wa kwanza, tena kwamba kosa ni lake.

Hadithi ya kubuni imepata uhuru ambao wasifu haukujipa. Katika Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1974, Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu aliyerudi kwao likizo, naye huenda kutafuta kibarua katika ofisi ya Manase, mkubwa wa wilaya. Manase huyo ndiye aliyemharibia dada yake. Mwandishi hakuhubiri juu ya umaskini wa wanafunzi. Amemweka tu msomi mahali pa kungoja, mbele ya mlango wa mtu ambaye hapendi kumwomba. Kungoja huko kunatueleza uhusiano wa elimu na fedha kuliko hotuba nyingi. Lakini tuangalie: aliyesema ni Kazimoto, mtu wa kubuni. Sitara haikuondolewa, imebadilishwa kitambaa.

Ipo sababu ya pili, nayo ni mpya zaidi. Mwalimu Nyerere aliwahi kumfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Katika mfano huo mlipaji alikuwa kijiji, yaani umma. Baadaye mlipaji amebadilika. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka 2005, na kwa mabadiliko ya mwaka 2016 makato ya mdaiwa aliyeajiriwa yakawekwa asilimia 15 ya mshahara wake. Sitaki hapa kupima siasa ya mikopo. Nataka kupima athari yake katika maandishi. Mwombaji hujaza fomu, huambatisha vyeti, na yatima huambatisha hati za vifo vya wazazi wake. Ndivyo anavyofundishwa, mara nyingi kwa mara ya kwanza, kuuandika umaskini wake. Lakini anauandika kwa ajili ya jicho la mpaji. Wasifu ulificha ufukara kwa ajili ya heshima. Maombi huuonyesha kwa ajili ya fedha. Katika mambo yote mawili mwandishi hayuko peke yake na ukweli. Yuko mtu wa tatu anayetazama.

Kwa hiyo naitetea shajara, yaani daftari la siku kwa siku ambalo halikukusudiwa mtu. Tutwae mfano wa kubuni. Mhitimu akumbukaye ujana wake huandika hivi: “Nilipata taabu nyingi chuoni, lakini kwa subira nilishinda.” Mwanafunzi mwenye shajara huandika hivi: “Jumatatu. Nimekwenda Kariakoo kwa miguu, nimerudi kwa daladala. Chai kavu. Kitabu nimekiazima mpaka alfajiri. Nimenakili sura mbili kwa mkono.” Sentensi ya kwanza ni sahihi wala haina kosa la lugha. Tena ina adabu. Upungufu wake ni kwamba inaujua mwisho, na kwa kuujua mwisho imezipunguza siku zote zilizotangulia zikawa neno moja, “taabu”. Shajara haiujui mwisho. Aliyenakili sura mbili usiku ule hakujua kama mtihani angeufanya, au angefukuzwa kwa deni kabla ya siku yake. Hofu hiyo haikutajwa, lakini imekaa ndani ya neno “alfajiri”. Hiyo ni kazi ya fasihi, ijapokuwa mwandishi hakuikusudia.

Wala mahali pa shajara hizo si mbali. Wako wanafunzi ambao hununua nguo na viatu kwa bei ya jumla katika maduka ya mitaa ya Kongo na Msimbazi, wakawauzia wenzao bwenini, ili wafike mwisho wa muhula fedha ya kujikimu, wanayoiita “bumu”, inapochelewa au isipokuwapo. Kijana wa namna hiyo ana elimu mbili, na pengine daftari moja kwa zote mbili: mbele maelezo ya mhadhara, nyuma majina ya wadeni. Tusione ajabu. Chuo chetu chenyewe kilizaliwa ukingoni mwa soko. Mwezi wa Oktoba 1961, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London, kilifungua mlango wake katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kwa kitivo cha sheria na wanafunzi wasiofika 20. Ndipo mwaka 1964 kikahamia kilimani. Kilihama mitaa, lakini hesabu za sokoni zilipanda nacho.

Nasikia pingamizi mbili. Ya kwanza husema: ikiwa orodha ya matumizi ni fasihi, basi kila karatasi ya dukani ni fasihi. La, sivyo. Orodha hugeuka kuwa fasihi pale mwandishi anapochagua, anapotaja kitu kwa jina lake kamili, na anapojizuia kujihurumia. Shajara nyingi hazifiki hapo, na mpimaji wa vitabu hana budi kusema hivyo pasipo upendeleo. Taabu peke yake haikumfanya mtu yeyote mwandishi.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Husema: mnaposifu shajara za wenye dhiki, mnaifanya dhiki yao kuwa tamasha. Hatari hii ni ya kweli, tena ndiyo hasa iliyoilea adabu ya sitara. Nami naona dawa yake ni moja: mwenye daftari ndiye mwenye amri juu yake. Mwalimu asilidai kama zoezi la darasa, kwa maana siku atakayolidai litaandikwa kwa jicho la mtoa alama, nalo litakuwa fomu nyingine ya maombi. Atakayetaka kulitoa alitoe akiwa hai, au aache wasia. Na maktaba zetu, zinazohifadhi kwa uangalifu tasnifu za waliomaliza, zitenge rafu kwa madaftari ya wanafunzi, na hasa ya wale ambao hawakupata kuandika tasnifu kwa kukosa ada.

Wanafunzi mnaosoma kurasa hizi, siwaombi mtuandikie maisha yenu. Nawaomba muyaandike kwa ajili yenu: tarehe, nauli, kitabu kilichoazimwa na jina la aliyekiazimisha. Akitokea kesho mtu wa kuuliza mtoto wa miaka 13 kutoka mkoani alilala kwa nani katika mji huu, na nani alimlisha, awe na mahali pa kutazama.