Chemosit na Taa ya Kinywani: Hofu na Kicheko katika Hadithi za Watoto wa Kericho na Bomet

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya watoto nchini Kenya umezoea kuuliza swali moja: hadithi hii inafunza nini? Swali hilo lina haki yake, lakini limeifanya hadithi inayotisha na kuchekesha kwa pamoja ionekane kuwa burudani isiyostahili kuchunguzwa. Makala haya yanamchunguza Chemosit, zimwi mashuhuri la jamii za Wakalenjin, kwa mintarafu ya wasomaji chipukizi wa Kericho na Bomet, yaani watoto waliokwisha kuumudu usomaji na wasiohitaji tena kushikwa mkono. Hoja kuu ni kwamba katika umbo la Chemosit hofu na kicheko havitengani, na kwamba maandishi yamekuwa na mwelekeo wa kuvitenganisha.

Umbo na mtego

Maelezo ya mapema ya Chemosit yamo katika The Nandi, kitabu cha A.C. Hollis kilichochapishwa mwaka 1909. Hollis, aliyekuwa ofisa wa serikali ya kikoloni, aliandika juu ya Wanandi, lakini zimwi hilo ni la ndugu zao Wakipsigis pia. Kwa mujibu wa maelezo hayo, Chemosit ni nusu mtu, nusu ndege. Ana mguu mmoja na makalio tisa. Hujikongoja kwa fimbo iliyo mfano wa mkuki. Na kinywa chake chekundu hung'aa usiku kama taa. Hula watu, hasa watoto.

Hesabu ya viungo hivyo yastahili kuzingatiwa. Kiungo cha kukimbilia ni kimoja, vya kukalia ni tisa. Mtoto hawezi kuisikia hesabu hiyo asicheke, kwani mwindaji huyu ameumbwa kana kwamba kazi yake ni kuketi. Bakhtin, katika utafiti wake wa mwaka 1965 juu ya Rabelais, alidai kwamba mwili wa kioja, uliokuzwa sehemu zake za chini, ni silaha ya umma ya kuishinda hofu. Chemosit anaiunga mkono hoja hiyo kwa kiasi tu. Makalio yakishachekwa, kinywa bado kinawaka. Mtoto hucheka huku akiutupia mlango jicho.

La kuzingatiwa zaidi ni mtego wenyewe. Hollis anaeleza kwamba Chemosit huimba usiku karibu na makazi ya watu. Watoto wakiona mwanga na kusikia wimbo hudhani kuna ngoma, wakaufuata, wakaliwa. Kwa istilahi za fasihi simulizi, Chemosit ni fanani. Ana sauti, ana mwanga, na anaijua hadhira yake. Bibi anayesimulia kisa hiki usiku kando ya moto anatumia zana zile zile anazotumia zimwi. Tofauti ni kwamba yeye huirudisha hadhira yake salama. Kwa hiyo kisa hiki kinamtaka mtoto aupime wimbo kabla ya kuufuata. Kudai kwamba hadithi ya namna hii haina maudhui mazito ni kutoisoma.

Kutoka midomoni hadi kitabuni

Katika maandishi, umoja huo ulivunjwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa ya walowezi. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 Wazungu kadhaa waliripoti mnyama asiyejulikana waliyemwita dubu wa Nandi, na jina la Chemosit likahusishwa naye. Bernard Heuvelmans alimpa mnyama huyo nafasi katika kitabu chake cha mwaka 1955 juu ya wanyama wasiotambuliwa na sayansi. Katika safari hiyo makalio tisa yalitoweka, na wimbo pia. Zikabaki nyayo, manyoya na hofu ya mwindaji.

Njia ya pili ni ya hadithi za darasani. Hapa zimwi hufupishwa na funzo hurefushwa: mtoto mkaidi aliliwa, basi watoto na watii. Kicheko huondolewa kwa adabu, na hofu hugeuzwa kiboko. Oral Literature of the Kalenjin ya Ciarunji Chesaina, iliyotolewa mwaka 1991, ina thamani kubwa, lakini imelenga wanafunzi wa fasihi simulizi zaidi kuliko mtoto anayesoma kwa raha yake.

Kwamba raha hiyo yawezekana katika Afrika Mashariki kulithibitishwa na Barbara Kimenye, ambaye mfululizo wake wa Moses ulianza mwishoni mwa miaka ya 1960 na una kitabu kiitwacho Moses and the Ghost. Hata hivyo, lugha ya mfululizo huo ni Kiingereza na dunia yake ni ya shule ya bweni.

Suala la lugha na mandhari

Tangu makampuni yaanze kupanda chai Kericho katika miaka ya 1920, mashamba hayo yamewakutanisha Wakipsigis, Wagusii, Waluo na Waluhya, na Kiswahili kimekuwa lugha yao ya kukutania. Chemosit wa watoto hao wote hana budi kuzungumza Kiswahili. Hata hivyo, kumbadilisha jina akawa jini ni kumhamishia pwani, na kumwita zimwi bila zaidi ni kumvua makalio manane. Jina lake na libaki.

Mandhari nayo imebadilika. Mchai hukatwa usipite kiuno ili wachumaji waufikie. Penye mistari ya chai, zimwi la mguu mmoja halina pa kujificha. Mwandishi anayekwepa jambo hilo kwa kurudisha msitu mtupu atakuwa anamwandikia babu wa msomaji wake. Anayelikubali atapata kichekesho kipya, na hofu mpya vilevile. Todorov, mwaka 1970, aliiweka fantasia katika kusitasita kwa msomaji kati ya maelezo mawili. Katika ukungu wa Kericho, viwanda vya chai vikifanya kazi usiku, mtoto aonaye mwanga ng'ambo ya bonde anaweza kujiuliza: ni taa ya kiwanda, au ni kinywa?

Hitimisho

Msomaji chipukizi aliyeiva hatasubiri. Asipompata Chemosit atawasoma mazimwi wa R.L. Stine, ambaye mfululizo wake wa Goosebumps ulianza Marekani mwaka 1992, na hakuna ubaya kwa hilo. Ubaya ni kuyajua mazimwi ya ugenini huku lile linaloimba nyuma ya nyumba likibaki mgeni kwake. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kwa watoto wa Kericho na Bomet, kujuana huko kunamhitaji mwandishi atakayethubutu kuyahesabu makalio yote tisa, kisha aiache taa ikiwaka.