Uniti 75 na globu ya wati 9

Anayeuliza taa ya LED inaokoa shilingi ngapi kwa mwezi katika kata kama Mabwerebwere, wilayani Kilosa, mara nyingi anaanzia hesabu mahali pasipofaa. Analinganisha globu na globu, kana kwamba kila nyumba ilikuwa na globu tangu zamani. Umeme wa bwawa la Kidatu umekuwa ukisafirishwa kwenda Morogoro kwa nyaya za kilovolti 220 tangu miaka ya 1970, ukapita juu ya vichwa vya watu wa Kilosa huku chini vijiji vingi vikiendelea na kibatari. Katika vijiji vya namna hiyo LED ilitangulia nguzo za umeme. Iliingia dukani ikiwa ndani ya tochi, haikuhitaji mradi wala mfadhili, na serikali iliisaidia pasipo kukusudia: mwaka 2011 ilipandisha sana kodi ya mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli, na kibatari kikawa ghali kuliko ubora wa mwanga wake.

Ubora huo ulikuwa mdogo kweli. Utambi wa kibatari hutoa lumeni kama 10, wakati globu ya LED ya wati 9 hutoa lumeni zinazokaribia 800, sawa na globu ya kizamani ya wati 60. Tofauti iko katika njia ya kupata mwanga. Globu ya kizamani huchoma waya mpaka ung'ae, na karibu nguvu yote huishia kwenye joto. LED hupitisha umeme katika kipande kidogo cha semikondakta kinachotoa mwanga wa buluu, kisha unga wa manjano uliopakwa juu yake huugeuza kuwa mweupe. Ugunduzi wa LED ya buluu ndio uliowapatia Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Kwa mtu wa kijijini maana yake ni kwamba betri za tochi, ambazo ni umeme ghali kupita wote (zinahitajika betri kubwa za kawaida zaidi ya 100 kufikia uniti moja, yaani kilowati-saa moja, ya mita ya LUKU), sasa zinatosha kumulika usiku kadhaa.

Nguzo zinapofika, hesabu inabadilika. Kwa bei iliyopangwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, mwaka 2016, mteja mdogo wa daraja la D1 hulipa Sh 100 kwa uniti, au Sh 122 pamoja na kodi na tozo, mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Globu nne za wati 60 zikiwaka saa tano kila usiku hula uniti 36. Nne za LED hula uniti 5.4. Kilichookolewa ni kama Sh 3,700, na mtu anaweza kusema kwa haki kwamba fedha hiyo haimtajirishi. Lakini weka friji ndogo inayokula uniti moja kwa siku, na televisheni ya uniti 9 kwa mwezi. Kwa globu za zamani jumla inagota 75 kamili, na siku ya kupiga pasi umeshavuka. Uniti ya 76 ni Sh 350 kabla ya kodi, na anayevuka kwa mazoea huhamishiwa daraja la T1, ambako kila uniti, kuanzia ile ya kwanza, hugharimu Sh 356 na kodi zake. Uniti 75 zilezile zinatoka Sh 9,150 na kuwa Sh 26,700. Faida ya LED, basi, ni friji kukaa ndani ya daraja la chini.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba LED za bei rahisi hufa mapema, na ni kweli. Ukiifungua iliyokufa utaona vipande vidogo vya njano vimepangwa kwa msururu juu ya bati la aluminiamu, na kimoja kina doti nyeusi katikati. Hicho kikikatika, vyote vinazima. Fundi hukiunganisha kwa risasi, taa ikawaka tena, ingawa kwenye globu duni vilivyobaki hubeba mzigo zaidi na kufuata. Kinachoua ni joto: bati jembamba, na saketi ya bei poa isiyodhibiti mkondo umeme unapopanda na kushuka. Kwa hiyo uzito wa globu mkononi na kipimo cha volti kilichoandikwa ubavuni vinasema mengi kuliko ahadi ya saa 25,000 kwenye boksi. Mwenye globu za mrija uliosokotwa (CFL) asiharakishe kuzitupa. Kutoka wati 15 kwenda 9 si mbali, na zina zebaki.

Wapo pia wanaosema kwamba tangu bwawa la Julius Nyerere lianze kuzalisha mwaka 2024, likiwa na uwezo wa megawati 2,115, kubana matumizi kumepitwa na wakati. Hoja ya kubana ilikuwa na nguvu zaidi katika ukame wa 2006 na 2011, maji ya bwawa la Mtera yalipopungua na mgao wa umeme ukaja. Leo tatizo la kijiji kilicho mwisho wa laini haliko bwawani. Liko kwenye transfoma ndogo na waya mrefu, saa moja jioni, wote wanapowasha pamoja na volti kushuka. Nyumba 50 zenye globu nne za kizamani zinaivuta transfoma hiyo kilowati 12. Zikiwa na LED, hazifiki 2, na mashine ya kusaga inapata nafasi ya kuzunguka.