Vifungu Viwili Juu ya Ngoma ya Nyuki

Miongoni mwa maswali ya ufahamu yapo yale yanayompa mtahiniwa vifungu viwili vya waandishi wawili juu ya jambo moja, kisha humtaka avilinganishe. Lugha ya nyuki ni mada inayofaa sana kwa maswali hayo, kwa kuwa wataalamu wenyewe walishindana juu yake kwa miaka mingi. Yafaa tulipime swali la namna hii, tuone lina wema gani na upungufu gani.

Kifungu cha kwanza na kiwe cha maoni ya Karl von Frisch wa Austria, mmoja wa watatu walioshiriki Tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 1973. Yeye aliona kuwa nyuki arudipo kutoka kwenye maua ya mbali hucheza juu ya sega, ndani ya giza la mzinga. Hutembea mstari mnyofu huku akitikisa tumbo, huzunguka, hurudi alikoanzia, na kuanza tena. Mstari ukielekea juu moja kwa moja, maua yako upande wa jua. Ukiinama kuume kwa pembe fulani, maua yako kuume kwa jua kwa pembe iyo hiyo. Na kadiri mtikiso unavyodumu, ndivyo safari inavyokuwa ndefu.

Kifungu cha pili na kiwe cha maoni ya Adrian Wenner wa Marekani. Yeye na wenzake, tangu mwaka 1967, walisema kwamba nyuki wengine huyafikia maua kwa kufuata harufu.

Sasa mtahini auliza: mwandishi wa pili angesema nini juu ya ulinganifu wa mstari wa ngoma na mahali pa maua? Majibu ni manne: kwamba nyuki hachezi kamwe, kwamba ulinganifu haupo, kwamba ulinganifu upo, lakini haujathibitisha kuwa nyuki wengine huutumia, au kwamba harufu haina kazi.

Mwenye haraka hukimbilia jibu la pili, akidhani kwamba apingaye hupinga yote. Naye mwanafunzi wa Mackinnon Road, katika nyika ya Kwale, aliyezoea kuona mizinga mitini, aweza kuteleza kwa njia nyingine: akajibu kwa ayajuayo juu ya nyuki, si kwa yaliyoandikwa. Ujuzi huo ni mali, lakini sio ulioulizwa hapa.

Jibu ni la tatu. Ukimwona msafiri karibu na kibao kinachoonyesha njia ya Mombasa, kisha ukamwona akishika njia hiyo, hujathibitisha bado kwamba alikisoma kibao. Yamkini aliwafuata watu waliomtangulia. Kibao kuwa na habari ni jambo moja. Msafiri kuitumia ni jambo la pili. Wenner alikubali la kwanza, akadai ushahidi wa la pili. Kadhalika von Frisch hakukana kazi ya harufu. Wema wa swali ni huu: humfunza kijana kumpa kila mwandishi maneno yake kamili, bila kuyazidisha wala kuyapunguza.

Upungufu wake ni kwamba huishia hapo. Kijana aweza kudhani kuwa kila shindano ni maoni mawili yaliyo sawa, na kila mtu achague lake. Lakini hoja za elimu huamuliwa kwa ushahidi. Mwaka 1975 James Gould alitangaza jaribio alilopaka rangi vijicho vidogo vya nyuki wachezaji, wasiitambue taa iliyowekwa mzingani. Watazamaji wakaidhania taa kuwa jua, wakaenda kule ngoma ilikoelekeza kwa kipimo cha taa, wala si kule wachezaji walikotoka. Mwaka 2005 wataalamu waliwafuatia nyuki kwa rada, wakaona kuwa huruka upande na umbali ulioelezwa na ngoma. Wakifika huzunguka wakitafuta, na hapo ndipo harufu inapofaa. Ngoma imethibitika, na harufu imebaki na sehemu yake.

Tena, Mackinnon Road ipo kusini kidogo ya ikweta, na mara mbili kwa mwaka jua la adhuhuri hupita utosini. Saa hiyo, upande wa jua ni upi? Vifungu vyetu vyote viwili vimenyamaza. Martin Lindauer, mwanafunzi wa von Frisch, alilichunguza jambo hilo katika miaka ya 1950 huko Sri Lanka, iliyokuwa ikiitwa Ceylon. Mwanafunzi aliyekwisha kuwatendea haki waandishi wote wawili sasa na auchukue tena ule ujuzi wa nyumbani aliouweka kando, akauulize mzinga swali ambalo mtahini hakuliuliza.