Kimya cha Kususiwa: Mapokezi ya Filamu ya No One Will Save You kwa Jicho la Mtazamaji wa Mgogoni, Pemba

1.0 Utangulizi

Filamu ya kutisha ya No One Will Save You, iliyoandikwa na kuongozwa na Brian Duffield, ilitolewa Marekani kupitia Hulu mwezi Septemba 2023. Katika muda wa takribani dakika 93, hutamkwa maneno machache tu. Kaitlyn Dever anaigiza kama Brynn, mwanamke kijana anayeishi peke yake katika nyumba aliyokulia, ambaye usiku mmoja anavamiwa na viumbe kutoka anga za mbali. Mjadala wa wahakiki umejikita zaidi katika swali moja: je, mbinu ya kuondoa mazungumzo imefaulu? Makala hii inadai kuwa swali hilo halitoshi. Kimya cha Brynn ni zaidi ya mbinu. Ni hali ya kijamii ambayo Wapemba wanaiita kususiwa.

Uhakiki huu unaongozwa na Nadharia ya Mapokezi, hususani dhana ya Hans Robert Jauss ya upeo wa matarajio. Mtazamaji wa Mgogoni anachukuliwa hapa kuwa nafasi ya usomaji inayojengwa na historia ya kisiwa. Si sampuli ya watu waliohojiwa.

2.0 Kimya kama Mbinu

Wahakiki wengi waliisifu filamu kwa uigizaji wa Dever, ambaye hubeba hofu, hatia na ukaidi kwa uso na pumzi. Mwandishi Stephen King aliisifu hadharani na kuilinganisha na “The Invaders”, kipindi cha mwaka 1961 cha The Twilight Zone, ambamo mwanamke asiyetamka neno anapambana na wavamizi nyumbani kwake. Waliopinga walihoji iwapo ni kweli mtu aliye hatarini angekaa bila kupiga kelele za kuomba msaada. Pande zote mbili zinakipima kimya kwa kigezo cha ufundi, kana kwamba kazi yake ni ile ya methali: kimya kingi kina mshindo mkuu.

3.0 Upeo wa Matarajio wa Mtazamaji wa Mgogoni

Mtazamaji wa Mgogoni huijia filamu hii akiwa na mazoea mawili. La kwanza ni la utazamaji. Katika vibanda vya video vya Tanzania, filamu za kigeni zimezoeleka kupitia sauti za watafsiri kama Lufufu, wanaosimulia, kufafanua na kutania juu ya picha. Kwa mazoea hayo, filamu isiyo na mazungumzo haimwachi mtazamaji kimya; inamwachia yeye kazi ya kusema.

La pili ni la hofu yenyewe. Taharuki ya popobawa ya mwaka 1995, iliyoanzia Pemba na kuenea Unguja, iliwafanya watu wakeshe nje kwa makundi. Ilisemekana kuwa aliyeshambuliwa aliamriwa awaeleze wengine yaliyomfika, la sivyo angerudiwa. Katrina Daly Thompson (2017) anaonesha kuwa popobawa huishi katika mazungumzo ya watu. Hivyo, katika upeo huu, hofu husambaa kwa maneno na pia hupozwa kwa maneno. Mwenye kukesha na majirani ana nusu ya kinga. Brynn hana wa kukesha naye.

4.0 Kimya kama Kususiwa

Hapa ndipo kiini cha filamu kilipo. Utotoni, Brynn alimuua rafiki yake Maude katika ugomvi, na mji haujamsamehe. Anapokimbilia kituo cha polisi, mama wa Maude anamtemea mate usoni. Pingamizi kwamba angepaza sauti linajibiwa na tukio hilo: sauti huhitaji sikio, na mji umekwisha kuziba masikio yake. Barua anazomwandikia marehemu zinathibitisha kuwa Brynn hajakosa lugha, amekosa msikilizaji.

Pemba inaijua hali hiyo. Katika uhasama wa kisiasa uliofuata uchaguzi wa vyama vingi wa mwaka 1995, wafuasi wa CCM na CUF walifikia kususiana madukani, misikitini na hata mazikoni, hadi Maridhiano ya mwaka 2009 yalipofungua njia ya kusalimiana tena. Kwa aliyeyaona hayo, kunyimwa salamu ni adhabu inayotisha kuliko kiumbe mlangoni.

Mwisho wa filamu, uliowagawa watazamaji, unapata maana hapo. Wavamizi wanazipekua kumbukumbu za Brynn, kisha wanamwachilia. Anaishi kwa furaha na kucheza dansi na watu wa mji ambao sasa wanatawaliwa na viumbe hao. Wapo wanaouona kuwa ushindi, na wapo wanaouona kuwa kejeli isiyo na mantiki. Kwa usomaji wa kususiwa, mantiki ipo na ni kali: mji unamkaribisha baada tu ya kupoteza hiari yake. Amepata majirani, ila msamaha hajaupata, kwa kuwa msamaha hutolewa na mwenye uwezo wa kuukataa. Maridhiano ya kulazimishwa ni kimya kingine.

5.0 Hitimisho

Imebainika kuwa mapokezi ya filamu isiyo na mazungumzo hayawezi kupimwa kwa ufundi wa sauti pekee. Palipo na jamii inayoijua nguvu ya kunyimana maneno, kimya huwa tukio linalodai kuulizwa nani amekianzisha na nani anaweza kukivunja. Uhakiki wa filamu kwa Kiswahili una nafasi ya kuliuliza swali hilo, kwani lugha yenyewe imekwisha kulipatia neno.