Soma Vitano, Kisha Piga Kura

Anayeandika kitabu cha watoto ni mtu mzima. Anayekichapisha ni mtu mzima, anayekinunua ni mtu mzima, na anayekipa tuzo ni mtu mzima vilevile. Mtoto huja mwisho kabisa, keshachaguliwa kila kitu, anaambiwa: soma, hiki kizuri. Akisema hakikumnogea, tunamwona mvivu wa kusoma.

Jimbo la Texas, Marekani, wana utaratibu unaoibadilisha kidogo hali hiyo. Unaitwa Texas Bluebonnet Award, ulianzishwa 1979, na unasimamiwa na chama cha maktaba cha jimbo hilo. Kila mwaka kamati ya wakutubi hutoa orodha ya vitabu 20. Wanafunzi wa darasa la tatu hadi la sita huvisoma, na mwezi wa kwanza hupiga kura. Kila mtoto kura moja. Kitabu chenye kura nyingi ndicho mshindi, basi. Hakuna jopo la kuja kurekebisha matokeo.

Ila kuna sharti. Ili upige kura, lazima uwe umesoma, au umesomewa, angalau vitabu vitano vya orodha hiyo. Kwangu mimi hilo sharti lina thamani kuliko tuzo yenyewe. Mtoto aliyesoma kitabu kimoja ukimuuliza kikoje, atakwambia kizuri au kibaya, mazungumzo yanaishia hapo. Aliyesoma vitano hana budi kupima. Hiki kilinichekesha, lakini kile nilikiota usiku. Sasa kipi ni kipi? Uhakiki unaanzia hapo. Sisi wakubwa tunafanya hilohilo, tofauti ni wingi wa maneno tu. Na tuambizane ukweli: ni wangapi kati yetu tunaosoma riwaya tano za mwaka kabla ya kutangaza "riwaya bora ya mwaka"?

Wapo watakaosema watoto wakiachiwa kura watachagua vichekesho tu. Hofu hiyo naielewa. Lakini tazama kitabu cha kwanza kushinda, mwaka 1981: *Ramona and Her Father* cha Beverly Cleary. Baba yake Ramona anaachishwa kazi. Hela ya nyumbani inabana, mama analazimika kufanya kazi kutwa nzima, na binti wa darasa la pili anaanzisha kampeni ya kumwachisha baba yake sigara. Kinachekesha, ndiyo. Lakini kicheko chake kinatoka ndani ya nyumba yenye wasiwasi, na mtoto yeyote aliyewahi kusikia wazazi wakinong'ona habari za pesa anaijua nyumba hiyo. Watoto hawakukimbia uzito. Walichokitaka ni uzito usiowahubiria.

Hata hivyo, siwezi kuusifu utaratibu huu moja kwa moja. Kasoro ya kwanza ni orodha. Watoto, walimu na wazazi wanaruhusiwa kupendekeza vitabu, lakini neno la mwisho kuhusu vile 20 ni la kamati. Na nje ya kamati wapo wakubwa wengine. Mwaka 2021 mbunge wa jimbo hilohilo, Matt Krause, aliziandikia shule akitaka kujua kama zina vitabu fulani. Orodha yake ilikuwa na majina yapatayo 850. Mwaka huohuo shule za Katy, karibu na Houston, ziliondoa kwa muda riwaya ya katuni ya Jerry Craft, *New Kid*, iliyokuwa imeshinda nishani ya Newbery mwaka 2020, baada ya wazazi kulalamika. Baadaye ilipitiwa upya, ikarudishwa. Wakutubi walisema yao, wazazi wakasema yao. Mtoto anayeitafuta rafuni na kukuta pengo, sauti yake iko wapi? Kura ina nguvu kwa vitabu vilivyomfikia tu.

Kasoro ya pili ni kwamba kura haisemi kwa nini. Inahesabika, lakini haina sentensi. Ningependa kila karatasi ya kura iwe na mstari mmoja wa kujaza: "Nimekipenda kwa sababu..." Mistari hiyo ingewafunza waandishi mengi kuliko idadi ya kura.

Huku kwetu je? Tuzo ya Jomo Kenyatta nchini Kenya ina nafasi ya vitabu vya watoto, na Tuzo ya Mwalimu Nyerere nchini Tanzania nayo imeweka hadithi za watoto. Ni jambo jema. Lakini waamuzi ni sisi, watu wazima, tukikisia kitakachomfurahisha mtu ambaye hatukumuuliza.

Najua jibu litakalokuja: vitabu viko wapi? Shule nyingi zina vya kiada vya kugombania, vya ziada ndiyo usiseme. Basi rudi kwenye lile sharti, usome neno dogo lililomo: *au umesomewa*. Nakala moja ya kila kitabu, mwalimu mwenye sauti nzuri, vipindi vichache vya Ijumaa mchana. Vitabu vitano vya Kiswahili, nakala tano kwa darasa zima. Kisha vikaratasi vilivyokatwa kwenye daftari kuukuu, na boksi la chaki tupu la kutumbukizia kura.

Tutakachokuta humo huenda kisitupendeze. Ndiyo maana inafaa tulifungue.